Malindi kwa Siku Moja, Bila Kupanga

Mtu wa Lamu huifahamu Malindi kama msafiri anavyoufahamu mlango wa nyumba asiyoingia. Katika miaka yangu arubaini na mitatu nimepita mji huo mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuzihesabu, nikienda Mombasa kusoma, kwenda hospitali, kwenda harusini na kwenda matangani, na kila mara kumbukumbu niliyobaki nayo ilikuwa ileile: sauti ya kondakta akitangaza dakika ishirini, harufu ya viazi karai vinavyotolewa mafutani, foleni ya msalani, kisha honi ya kutuharakisha turudi garini. Mamangu, ambaye sasa ana miaka sabini na moja, alikuwa amepita zaidi yangu na kuona kidogo kuliko mimi, kwa sababu yeye hulala punde tu basi linapoondoka na huamka panaponukia bahari.

Desemba iliyopita tulikuwa tunarudi Lamu kutoka harusini Mombasa, mimi, mume wangu, mama, binti yetu wa miaka kumi na mitatu na mdogo wake wa miaka saba, tukiwa na mizigo ya watu watano wanaotoka harusini. Tuliondoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi na kufika Malindi kabla ya saa tatu, na hapo basi letu likazima na kukataa kuwaka tena. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nitaihitaji tena likizo ijayo. Ilitosha kusikia maneno ya karani wao, aliyetueleza kwa upole wa mtu asiyekuwa na haraka yoyote kwamba basi linalofuata lina viti viwili tu, kwamba viti hivyo wamepewa mgonjwa na mwuguzi wake, na kwamba sisi wengine tutaondoka kesho alfajiri kwa tiketi zilezile. Mume wangu alianza kuzozana. Mama alimvuta kando, akamwambia kwamba mgonjwa amestahiki, kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia: nani kati yetu anakumbuka njia ya kwenda Shela?

Malindi nayo ina Shela yake, mtaa wa karibu na bahari wenye jina moja na kijiji chetu cha kisiwani, na humo anaishi binti wa ami yake mama, ambaye mimi humwita khala. Mara ya mwisho mama kukanyaga nyumba hiyo ilikuwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Tulifika bila simu, watu watano na mabegi saba, na khala alitupokea kwa furaha iliyochanganyika na lawama, kama ilivyo haki ya jamaa aliyesahauliwa. "Nyinyi watu wa Amu," alisema huku akituwekea mahamri na mbaazi, "mwatupita kama upepo." Mama hakujitetea. Alikunywa chai yake yote, akashusha kikombe, akasema kwamba leo upepo umetua.

Watoto walitaka bahari. Walikuwa wamesikia shuleni kwamba Malindi ina hifadhi ya bahari, moja ya hifadhi za mwanzo kabisa za aina hiyo nchini, iliyotengwa mwaka 1968, na kwamba watu hupanda mashua yenye kioo chini wakaona matumbawe na samaki wa rangi. Mama aliuliza mwezi umeandama lini. Khala akamjibu kwamba leo ni tarehe nane. "Basi ni maji mafu," mama akasema, "na asubuhi hii yamejaa. Matumbawe hamtayaona vizuri hata mkilipa." Kila mtoto wa Lamu anapaswa kujua kwamba bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba katikati yake maji hayajai sana wala hayatoki sana, lakini watoto wangu wanaishi na simu na huamini kwamba bahari ipo wazi saa zote kama duka. Khala aliongeza kwamba hata rangi ya maji haikuwa nzuri. Mvua za vuli zilikuwa zimeujaza mto Sabaki, na majira ya kaskazi husukuma tope lake kuelekea kusini, likaingia ghuba ya Malindi na kuifanya bahari mbele ya mji iwe na rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kusi mambo hugeuka, tope likapelekwa kaskazini upande wa Mambrui, na Malindi ikabaki na maji safi. Ndipo ilipoamuliwa, na wazee wawili bila kura, kwamba asubuhi tutakwenda Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, na jioni tutazunguka mjini.

Gede iko umbali wa kilomita kumi na sita hivi kusini mwa Malindi, kando ya barabara ya Mombasa, kwa hiyo tulikuwa tumeipita asubuhi hiyo hiyo mama akiwa usingizini. Tulichukua matatu hadi njiapanda ya Watamu, kisha tuktuk mbili hadi langoni. Ninakiri kwamba niliwahi kuletwa hapo nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nikakimbizana na wenzangu juu ya kuta na kuondoka bila chochote kichwani isipokuwa kima. Kima bado wapo, na hawajapata adabu. Mmoja alimnyang'anya mwanangu hamri lililokuwa mkononi mwake, akapanda nalo juu ya ukuta wa karne nyingi na kulila akitutazama, na mtoto alilia kwa hasira hadi bibi yake alipomwambia kwamba huyo ni mwenye nyumba na amechukua kodi.

Mambo ya vitabuni tulisomewa na binti yangu kutoka kwenye vibao: kwamba mji ulianza kukaliwa karne ya kumi na mbili hivi, ukafikia kilele chake karne ya kumi na tano, ukahamwa kabisa kufikia karne ya kumi na saba, kwamba mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, kwamba ukuta wa nje ulizunguka takriban eka arubaini na tano. Shirika la UNESCO liliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, miaka ishirini na mitatu baada ya Lamu yetu, na binti yangu alilitaja jambo hilo kwa majivuno kidogo, kana kwamba ni mashindano ya shule. Lakini vibao vilikoma kuwa na kazi mara mama alipoanza kuingia nyumbani.

Sitasema aliingia katika magofu, kwa sababu hakuingia hivyo. Alipofika kwenye mlango wa nyumba ya kwanza, alivua viatu. Mume wangu alimkumbusha kwamba kuna mawe na siafu, naye akavivaa tena, ila kwa shingo upande. Kisha akaanza kutuonyesha mahali pa kila kitu. Hapa mwanamume mgeni alikaa, maana ukiketi hapa huwezi kuona ndani. Hapa ndipo kiwanda, yaani ua wa ndani, na jua huingilia juu. Mlango wa ndani haukabiliani na mlango wa nje, angalieni, mpita njia asipate kuwaona wanawake wa watu. Vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo unavyozidi kuwa katika siri ya nyumba, kama vile kwetu mtu anavyotoka daka, yaani ukumbi wa mlangoni, kwenda tekani, kiwandani, msanani, hadi ndani kabisa. Alikiona choo kabla ya kukisoma. Alipapasa kidaka kidogo ukutani, akasema kilikuwa cha taa, na kwenye kibao cha karibu ikawa imeandikwa hivyo hivyo.

Chumba cha nyuma kabisa, chembamba na kisicho na dirisha, alisimama mlangoni wala hakuingia. Kwetu Lamu, katika nyumba za mawe za zamani, chumba kama hicho huitwa nyumba kati. Humo ndimo wanawake walimojifungulia na ndimo maiti walimooshwa. Mimi sina uwezo wa kusema chumba kile cha Gede kilitumika kwa kazi hiyo, na hakuna kibao kilichodai hivyo, lakini mama hakuhitaji kibao. Aliinua mikono akasoma Fatiha, na sisi tukaitikia, watu wawili wa mataifa ya nje waliokuwa wakipiga picha karibu nasi wakashusha kamera zao bila kuambiwa.

Nimeishi katika mji wa mawe maisha yangu yote, na nadhani hii ndiyo sababu sikuwahi kuiona Gede vizuri. Majengo yetu yana watu, yana nyaya za umeme, yana punda mlangoni na televisheni sebuleni, kwa hiyo huyaoni kama majengo. Pale, paa likiwa limeondoka na mizizi ya miti ikiwa imepanda ukutani kama mtu aliyekumbatia kitu, ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza ramani ya nyumba niliyozaliwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zetu. Majina ya nyumba, ambayo zilipewa na wachimbuaji kutokana na vitu vilivyopatikana humo, ni majina ya bandari: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Pesa za Kichina. Karibu na lango kuna kaburi lililoandikwa tarehe ya Hijria 802, sawa na mwaka 1399, na mama alipoambiwa umri wake alihesabu kwa vidole akauliza tu kama marehemu ana mtu wa kumfagilia kaburi.

Binti yangu ndiye aliyeuliza kwa nini waliondoka. Mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama mwenye sauti ya mwalimu, alijibu kwa uangalifu uliompa heshima yangu yote, kwa kuwa hakuchagua jibu moja ili aonekane anajua. Alieleza kwamba mwaka 1589 Wazimba waliokuwa wakipanda pwani kutoka kusini walifika hadi Malindi, ambako walishindwa kwa msaada wa Wasegeju. Kwamba miaka michache baadaye Wareno waliteka Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mtawala wa Malindi akahamia huko na biashara ikamfuata. Kwamba Waoromo nao walizidi kushuka kutoka kaskazini. Kisha akatupeleka kwenye kisima kando ya Msikiti Mkuu, akatuonyesha alama kwamba kilichimbwa tena kuongezwa kina. Maji yalikuwa yakienda chini.

Mama aliinama akatazama ndani ya kile kisima kwa muda mrefu. "Ni mai," alisema, na hapo Kiamu chake, lahaja ya Lamu, kikamtoka chote, ambacho mbele ya wageni hukificha. "Hizo zita zote ni kweli, lakini mui hukaa penye mai, na mai yakenda, watu huyandama." Yaani vita vyote hivyo ni kweli, lakini mji hukaa penye maji, na maji yakienda, watu huyafuata. Kijana hakubishana naye. Mume wangu na mimi tulitazamana, kwa sababu sote tulifikiria jambo moja. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo vinahifadhi mvua kama sifongo, na kwa miaka mingi sasa watu wamekuwa wakivutana juu ya nani ajenge wapi karibu na vilima hivyo. Ukikaa barazani Lamu utasikia hoja za kila upande, nami nimezisikia hadi nimechoka. Sikuwahi kuzisikia nikiwa nimesimama juu ya kisima kikavu cha mji wenye nyumba kama yangu.

Tulipita haraka kwenye mradi wa Kipepeo ulio pale pale Gede, ambao tangu mwaka 1993 umewapa wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko Sokoke njia ya kupata fedha kwa kulea viwavi na kuuza mabundo ya vipepeo, yaani viwavi waliokwisha kujifunika kabla ya kugeuka vipepeo, nchi za nje, badala ya kukata miti. Mwanangu alitaka kununua bundo moja akalilee Lamu. Tulimkatalia, na hicho kikawa kilio cha pili cha siku.

Chakula cha mchana kwa khala kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari ya embe, na sitaandika zaidi kwa kuwa yeyote aliyezaliwa pwani anajua kilichofuata, yaani kila mmoja wetu alijinyosha mkekani hadi adhana ya al-asiri.

Jioni tulitembea kwa miguu. Mji wa zamani wa Malindi hauna ule mkusanyiko wa vichochoro vya Lamu, na sababu yake ni historia yenyewe: baada ya mtawala wake kuhamia Mombasa mji ulififia hadi ukawa magofu na vichaka, ukahuishwa tena mwaka 1861 kwa amri ya Sultani Majid wa Unguja, aliyetaka mashamba ya nafaka. Waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Khala alitueleza hayo bila kupunguza sauti tulipokuwa tukikaribia Msikiti wa Juma. Mama alinyamaza, nami nilielewa ukimya wake, maana nyumba kubwa za Lamu ambazo tumetoka kujisifia asubuhi nzima hazikujengwa na mikono ya wenye nyumba. Kando ya msikiti yapo makaburi mawili ya mnara ya zamani, moja likihusishwa na Sheikh Hassan, yamesimama yakitazama bahari kama watu wanaongojea mashua. Kwetu mnara wa aina hiyo tunao pia, kwa hiyo watoto walitazama mara moja wakaendelea.

Nyumba ya Nguzo, iliyojengwa karne ya kumi na tisa karibu na gati na ambayo sasa ni makumbusho, tuliikuta karibu kufungwa. Tulibahatika kuona maonyesho kuhusu silakanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye mwingine alinaswa katika wavu wa meli ya uvuvi mbele ya Malindi mwaka 2001. Mwanangu alimkagua kwa makini, akauliza kama analiwa. Kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, ambalo Francis Xavier alilipitia mwaka 1542 akiwa njiani kwenda India na kuzika hapo mtu wa meli yake, lilituchukua dakika tano. Kwenye bustani ambako ipo sanamu ya Mekatilili wa Menza, binti yangu alitaka kukaa zaidi. Alikuwa amemsoma darasani, mwanamke wa Kigiriama aliyewaapisha watu wake wasitoe vijana wao wala kodi kwa Waingereza, akakamatwa mwaka 1913 na kupelekwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwa miguu. Kilichomshangaza binti yangu ni umbali. Alipima kwenye simu kutoka Kisii hadi Malindi, akamwonyesha bibi yake, na bibi akasema kwamba mtu akiwa na hasira ya kutosha hahesabu hatua.

Tulifika kwenye nguzo ya Vasco da Gama jua likiwa limeshuka. Imesimama juu ya ncha ya mwamba inayoingia baharini, mnara mweupe mfano wa pia iliyogeuzwa, na juu yake msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon, wenye nembo ya mfalme wa Ureno. Wareno waliusimika msalaba huo kwanza karibu na nyumba ya mtawala, wenyeji hawakupendezwa nao, ukaondolewa, na baadaye ukasimikwa pale ulipo. Watalii walikuwa wengi, wengi wao Wataliano, na wauza mikufu wakiwazungumzia Kitaliano chepesi kuliko Kiingereza changu. Wataliano walianza kuizoea Malindi katika miaka ya sitini, walipoweka kituo chao cha kurushia setilaiti Ngomeni, kaskazini kidogo mwa mji, na kutoka humo mwaka 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Zaidi ya hayo wameiachia Malindi aiskrimu, na watoto wangu walithibitisha kwamba sifa zake si za uongo.

Mume wangu hutoka katika ukoo wa manahodha, ingawa yeye mwenyewe ni fundi wa friji, na mbele ya nguzo ile damu ya wazee wake ikampanda. Aliwakalisha watoto juu ya mwamba akawaeleza. Da Gama aliingia Malindi katikati ya Aprili mwaka 1498, akitokea Mombasa ambako hakuelewana na wenyeji, na Malindi, iliyokuwa na uhasama wake na Mombasa, ilimkaribisha. Alikaa siku tisa hivi. Alipewa rubani anayeijua njia ya India. Wengi wamesema alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa mashuhuri wa elimu ya bahari kutoka Omani, lakini wanahistoria wengi wa siku hizi hawakubali, na wapo wanaoona kwamba alikuwa Mgujarati. Waliondoka kusi ikianza, upepo ukiwa mgongoni, wakaiona nchi ya India kabla ya mwezi kwisha. "Sasa sikilizeni alivyorudi," mume wangu alisema, akisimama. Mgeni huyo hakungojea kaskazi. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, upepo haujageuka, akakokota karibu miezi mitatu baharini, watu wake wakafa kwa ugonjwa wa fizi, na walipofika tena Malindi Januari 1499 wagonjwa waliobaki walililia machungwa. Nahodha yeyote wa Lamu, kwa maoni ya mume wangu, angemwambia bure akae anywe kahawa hadi Desemba.

"Sasa huyo rubani nguzo yake iko wapi?" binti yangu aliuliza.

Baba yake akajikuna kichwa. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye ukuta mdogo akimenya karanga, alisema kwamba mgeni wa siku tisa amejengewa mnara, na mwenye njia hata jina lake linagombaniwa. Kisha akauliza kama karanga zile zimechomwa leo au jana, kwa kuwa zimelainika.

Ili kurudisha furaha, mume wangu aliwapa watoto hadithi ya twiga, nayo ni ya kweli. Mwaka 1415, zaidi ya miaka themanini kabla ya msalaba ule kusimikwa, Malindi ilimtuma twiga kwa mfalme wa China, Yongle, na watu wa huko wakamchukulia kuwa ni yule mnyama wa heri wa hadithi zao. Mwanangu hakujali mfalme wala heri. Alitaka kujua twiga alisimama au alilala chomboni, tanga lilipita wapi, na wakati wa mawimbi nani alimshika shingo. Baba yake alijibu swali la kwanza, akakwama la pili. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikunja mshipi wake karibu nasi aliombwa maoni, akafikiri kwa uzito unaostahili, akasema kwamba ng'ombe humlaza na kumfunga miguu, lakini twiga hajampakia.

Usiku, baada ya isha, khala alitutayarishia mkeka uani. Yeye na mama walizungumza hadi nilipopitiwa na usingizi, na kila nilipozinduka niliwasikia bado wakitaja majina ya watu waliokufa, nani alimzaa nani na nani alihamia wapi. Saa kumi na nusu alfajiri alitufungia mkate wa mofa na halwa ndani ya gazeti, akamshika mama mkono mlangoni, asiuachie hadi tuktuk ilipopiga honi mara ya pili.

Basi lilikuwa lingine na dereva mwingine, karani akiwa yuleyule na tabasamu lake. Mama aliomba kiti cha dirishani, jambo ambalo hajawahi kuliomba. Tulipovuka daraja la Sabaki maji yalikuwa mekundu na mazito, yakienda baharini kwa kasi, na mume wangu akamweleza mtoto kwamba mto huu huko juu huitwa Galana, na juu zaidi huitwa Athi, nao hupita karibu na Nairobi. Mtoto akafikiri.

"Kwa hiyo lile tope la jana limetoka Nairobi?"

"Limetoka Nairobi."

"Bila nauli?"

Mama alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akanigusa goti, akaniuliza hapa panaitwaje, nikamwambia ni Mambrui, na kule mbele kwenye chumvi ni Gongoni. Aliyarudia majina yote mawili taratibu. Garsen tulipita akiwa macho, Witu vilevile, na usingizi ulimchukua tukiwa tumekaribia Mokowe, ikabidi tumwamshe kwenye gati ili apande mashua.